Kifarasi

Babu hakumwona. Alimsikia.

Alikuwa amekaa barazani kwake, bakora imelala mapajani, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mimi nilikuwa nawapitisha farasi watatu kuelekea pwani, watalii wa machweo wananisubiri. Ile njia yetu haina lami. Ni mwamba wa matumbawe, ule ule ambao Nungwi nzima imekaa juu yake, na kwato zikipita hapo hulia kama nyundo za mafundi.

"Yakhe, mmoja wao anachopea," akasema.

"Babu, umemwona?"

"N'mwone kwa jicho gani? Nimemsikia. Huyo wa kati. Mguu mmoja unaliogopa jiwe."

Wa kati alikuwa Kaskazi. Nikacheka, kicheko cha adabu, nikapita. Babu alijenga majahazi pale ufukweni zaidi ya miaka 40. Alikuwa akiugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kukwambia kama ndani umeoza, kabla hata msumeno haujagusa. Nilipaswa kumwamini. Kusema kweli nilimwamini, kisha nikaamua kutomwamini, kwa sababu ilikuwa mwisho wa Disemba, hoteli zimejaa, na jioni ile nilikuwa na wageni watatu na farasi watatu.

Tulipofika mchangani Kaskazi akatembea sawasawa. Nikajiambia: unaona? Mzee keshachoka.

Nilichokuwa sikijui, au nilichokijua nusu, ni kwamba mchanga unaficha. Farasi mwenye maumivu ndani ya ukwato hupata nafuu akikanyaga pahali laini: mchanga unajaa chini ya nyayo, uzito unagawanyika, hakuna kinachomchoma. Akirudi kwenye jiwe, mwili wa kilo 400 na zaidi unamshukia pale pale panapouma. (Mwenye kano iliyoumia ni kinyume chake, mchanga laini ndio unaomtesa.) Kwa hiyo farasi wa Nungwi anaweza kuficha maradhi yake msimu mzima, na sisi tunaokula kwa mgongo wake tukamsaidia kuficha. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema wazee. Hawakusema kilio cha nani.

Mimi nilizijua kwato kabla sijamjua farasi. Chuoni, tukiwa wadogo, tulihifadhi Suratul-Adiyat, sura ya 100, inayoanza kwa kiapo cha farasi wanaokimbia huku wakihema, kwato zao zikitoa cheche. Tuliipenda kwa mwendo wake. Ukiisoma haraka nawe unahema. Lakini kijijini hapakuwa na farasi wa kutuonesha hizo cheche. Tulikuwa na punda na magari ya ng'ombe, basi.

Si kwamba Unguja haikuwahi kuwa na farasi. Seyyid Said alikuwa nao. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana ilipotia nanga New York ilikuwa imechukua farasi wawili wa Kiarabu, zawadi kwa rais wa Marekani. Binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 namna watoto wa jumba lile walivyofundishwa kupanda. Hao ni farasi wa wafalme. Mtu wa shamba alikuwa na mbung'o, na mbung'o hubeba nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe na farasi bila kuchagua. Mbung'o wa Unguja alikuja kumalizwa kwa njia ambayo ukimsimulia mtu anadhani unamfanyia mzaha: madume yaliyotiwa utasa kwa mionzi yalimwagwa kutoka angani kwa ndege, kuanzia 1994, mpaka mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Hoteli zikaongezeka, na farasi nao wakaja, kwa boti, kutoka bara.

Lakini ufundi haukuja nao. Hapa fundi wa kwato anapita anapopita. Lamu punda wana hospitali yao tangu 1987. Sisi tulikuwa na simu ya daktari mmoja wa mifugo Mjini, na kijichuma cha kuchokolea kwato kilichopinda.

Kaskazi ni dume aliyehasiwa, mweupe mwenye madoa ya kijivu kama kanzu iliyonyeshewa. Karatasi aliyokuja nayo ilisema ana miaka 15. Mpole mno, ndiye tuliyekuwa tukimpandisha watoto na wale wageni wanaotetemeka. Farasi wa namna hii ndiye anayefanya kazi kuliko wote, maana huwezi kumpa mtu mwoga farasi mwingine.

Wiki mbili baada ya maneno ya Babu nikaanza kuona hata pale mchangani. Tukienda mbio ndogo, kichwa chake kilikuwa kinapanda kila mguu wa mbele wa kushoto unapogusa chini, kinashuka unapogusa wa kulia. Hii ndiyo sarufi ya kwanza ya farasi anayechechemea, mguu wa mbele ukiuma: ananyanyua kichwa ili auondolee uzito mguu mbovu. Niliijua. Katika kabati la bandani kulikuwa na pakti za unga wa kutuliza maumivu, phenylbutazone, sisi tunaita byuti. Daktari alituachia kwa dharura, akasisitiza asipewe farasi yeyote kabla ya kumpigia simu.

Nikachanganya pakti moja kwenye pumba. Na kesho yake. Siku nne. Sikumpigia mtu simu.

Jioni zile Kaskazi alitembea kama kijana. Mama mmoja wa Kiitaliano alinipa bakshishi ya euro 20, akasema farasi huyu anaonekana ana furaha. Nikamjibu kwa Kiitaliano changu cha pwani kwamba ndiyo, sana. Punda afe, mzigo wa bwana ufike: msemo huu nilizoea kuutumia kuwasema matajiri. Jioni zile bwana nilikuwa mimi, mzigo euro 20.

Dawa ile haitibu ukwato, inaunyamazisha. Maumivu ndiyo yanayomwambia mnyama asikanyage kwa nguvu, ukiyazima, anakanyaga. Na kwa mzee ikizidi inachubua tumbo na kuzielemea figo. Haya yote yameandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Nilikuja kuisoma baadaye, kama watu wengi wanavyosoma karatasi za dawa.

Asubuhi ya siku ya tano nilimkuta amesimama kwa miguu mitatu.

Ule wa kushoto wa mbele ulikuwa unaning'inia, ncha ya ukwato inagusa majani kidogo tu, jasho linamtoka mbavuni na jua bado halijapanda. Nilidhani umevunjika. Nikampigia mwenye farasi, mwenye farasi akampigia daktari, na daktari akaja kutoka Mjini, kilomita kama 60, akafika saa tano. Akashika kifundo, akasikiliza mshipa kwa vidole, kisha akatoa koleo kubwa akaanza kuubana ukwato, sehemu baada ya sehemu. Alipofika karibu na ncha, Kaskazi aliuvuta mguu kwa nguvu hadi nikaanguka.

"Hapa," akasema daktari. Kwa kisu kilichopinda akafuata kadoa keusi kama mtu anayechimba chaza mwambani. Mara yakatoka maji meusi, yananuka kama pweza aliyesahauliwa kwenye mfuko wa plastiki. Kaskazi akashusha pumzi ndefu. Baada ya robo saa alikuwa ameuweka mguu chini.

Jipu. Ukwato ni sanduku gumu. Usaha ukiwa ndani hauna pa kuvimbia, unasukuma kwenye nyama hai. Ndiyo maana kijipu kisichozidi punje ya mbaazi humfanya farasi aonekane kama aliyevunjika mguu. Na kikipata njia ya kutoka, nafuu ni ya papo hapo.

"Umempa dawa yoyote siku hizi?" akaniuliza, akifunga begi.

"Hapana, daktari."

Akaniangalia. Akamchoma Kaskazi sindano ya pepopunda. Neno hili nimelisikia tangu utoto, kwenye kliniki ya mama na mtoto, bila kulifikiria. Farasi na punda hudhurika na pepopunda kwa wepesi kuliko wanyama wengi; vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi, na tundu la chini ya ukwato ni mlango uliowekwa wazi kwa ajili yao. Nadhani aliyelitunga jina hili kwa Kiswahili aliwahi kumwona punda akikakamaa.

Kisha akamfunua mdomo. Kuna mfereji mdogo kwenye jino la pembeni la juu, akanionesha, unaanza kuonekana farasi akifika kama miaka 10, unashuka taratibu, kwenye 20 unakuwa umelipita jino lote, halafu unaanza kufutika kutoka juu. Wa Kaskazi ulikuwa umekwisha anza kufutika. "Karatasi yenu inasema 15? Huyu mzee wenu ana 20 na ushei." Tulikuwa tunampandisha watu mzee wa watu.

Maagizo: mguu kwenye maji ya vuguvugu na chumvi, kisha ufungwe na dawa ya kuvuta usaha, ufunikwe usiingie mchanga. Nikasema nitampeleka akakoge baharini, si chumvi hiyo hiyo? Hapana. Kwetu bahari ni dawa ya kila kitu, lakini tundu lililo wazi likijaa mchanga linaziba, na jipu linaanza upya. "Nenda dukani ununue pampasi."

"Hongera!" akasema muuza duka. "Kumbe! Saizi gani?"

"Kubwa kuliko zote."

"Mashaallah, mtoto gani huyo?"

Pampasi inaukaa ukwato kana kwamba ilishonwa kwa ajili hiyo. Juu yake unazungusha bendeji, chini unabandika tepu pana tabaka kwa tabaka. Tepu ikaisha siku ya pili kwa sababu ya mawe. Babu ndiye aliyesema nikate kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya gari, nikivishe kama soksi. Kikadumu.

Siku kumi nilishinda bandani, nikibadilisha pampasi asubuhi na jioni. Hapo ndipo nilipokisoma kitabu ambacho mgeni mmoja alikiacha nyumba ya wageni ya shangazi yangu, *Black Beauty* cha Anna Sewell. Nilikuwa nimekiona zamani nikakipuuza: kitabu cha watoto wa Kizungu. Nikasoma kwanza maisha ya mwandishi, kwenye dibaji. Akiwa na miaka 14, akitoka skuli na mvua inanyesha, alianguka akaumia vifundo vya miguu, na tangu siku ile hakutembea tena vizuri. Farasi wa kukokota gari ndio waliokuwa miguu yake. Kitabu chenyewe alikiandika miaka ya mwisho, mgonjwa, muda mwingi kitandani. Kikatoka Novemba 1877, na Aprili 1878 akafariki.

Nikiwa mkweli, mahubiri yamekizidi, na farasi wake ana tabia za mwanafunzi wa skuli ya Jumapili. Lakini mtu huyu aliyachungulia mambo chini ya ukwato. Kuna mtunza farasi mlevi anayeambiwa kiatu cha farasi kimelegea, asijali, akamwendesha shoti usiku kwenye mawe makali. Kuna mwingine anayependa kioo kuliko brashi, anaacha matandiko yaliyolowa mkojo bandani mpaka nyayo za farasi zinaoza, na hapo hapo kila mtu anamwona kijana nadhifu. Nilipofika kwa huyu nikafunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Kilichonishika zaidi ni ukurasa wa jina. Pale Sewell hajiiti mtunzi. Anajiita mfasiri: hadithi ameitoa katika lugha ya farasi. Nikacheka peke yangu. Kifarasi! Sisi wa Nungwi tunajisifu kwa lugha. Kiitaliano tunakijua, Kiingereza bila shaka, Kirusi cha salamu na bei, siku hizi na Kipolandi. Tunajifunza kila lugha yenye bakshishi. Na miaka sita nimelala na kuamka na huyu, nikijua sarufi ya kwanza tu, ile ya kichwa, na hata hiyo nikaiziba kwa pakti nne za unga.

Laiti ningekuwa nimeishia hapo. Jipu lilipona, lakini Kaskazi alikuwa amekonda mgongo, na hana kazi, na ananitazama. Nikamhurumia. Huruma yangu ilikuwa ya kumlisha. Embe zilikuwa zimejaa. Nikamletea embe za kwa mjomba, ndoo nzima, zile zilizoanza kulainika. Mkate uliobaki hotelini. Pumba maradufu. Anakula huku utomvu unamchuruzika kidevuni, mimi moyo wangu umetulia, nahisi nalipa deni.

Mwanzoni mwa Februari nikamkuta amesimama vibaya namna nyingine. Miguu ya mbele yote miwili ameinyoosha mbele, mwili ameuegemeza nyuma, kama mtu anayeteremka ngazi asizoziamini. Nikaweka mkono kwenye kwato: zote mbili moto. Nikatafuta mshipa nyuma ya kifundo, kama nilivyomwona daktari. Kwa farasi mzima mpigo wa pale unautafuta kwa shida. Huu ulikuwa unanigonga vidole.

"Usimtembeze hata hatua moja," daktari akaniambia kwenye simu. "Una barafu?"

Nungwi tukose vyote, barafu ya samaki hatukosi. Nikaenda dikoni na toroli, nikarudi na mapande, nikayaponda, nikajaza ndoo mbili za rangi, tukamtia miguu humo. Mbili usiku na mchana. Barafu ikiyeyuka naongeza. Banda lote likanuka vibua. Usiku wa kwanza Babu alikuja kwa kupapasa ukuta, akaketi juu ya gunia la majani, hakusema kitu mpaka saa nane.

"Unalia nini?"

"Nilimpa dawa, Babu. Ya kuzima maumivu. Ili afanye kazi. Na daktari nimemwambia uongo."

Akakaa kimya. Kisha: "Mimi nimewahi kumpa mtu jahazi nikijua ubao mmoja mbovu. Nimeutia kalafati, nimeupaka sifa, hauonekani. Alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na haraka."

"Ikawaje?"

"Ongeza barafu."

Hakunisimulia tena, na mpaka leo sijamuuliza.

Asubuhi nilimwambia daktari kila kitu. Hakunigombeza. Alisema ningalimwacha achechemee, huenda angaligundua mapema kwamba jipu lilikuwa ni tawi tu, mzizi uko kwingine. Akanieleza. Ukuta wa ukwato haukugundishwa mfupani. Umeshikwa na mamia ya vijani vyembamba vinavyoingiliana, kama meno ya vitana viwili ukivisukuma pamoja. Vijani hivyo vikidhoofika, mfupa unaachana na ukuta, unaweza kuinama na kushuka kuelekea nyayo. Ndiyo laminaitisi. Ule mstari mweupe unaouona chini unatanuka, uchafu unaingia, majipu yanajirudia. Na sababu kubwa ni chakula chenye sukari na wanga mwingi, hasa kwa mwili ambao homoni zake zimekwisha kuvurugika.

"Hujiulizi kwa nini ana manyoya marefu hivi, na joto hili?"

Nilikuwa sijajiuliza. Kaskazi alikuwa na manyoya ya shingo na tumbo marefu, yamejikunja, Februari, Zanzibar. Watalii walikuwa wanampenda kwayo. Kwa farasi mzee ile ni alama ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo kuharibika. Nayo inavuruga mambo mengi, mpaka kwato zinaingia hatarini. Ipo dawa ya kila siku, ya maisha, pergolide, ya kuagiza nje. Mwenye farasi aliuliza bei, akashukuru, akakata simu.

Embe zikakoma. Mkate ukakoma. Nyasi kavu tunaziloweka saa nzima na kumwaga maji, sukari iondoke nayo. Wageni nikawazuia kumpa ndizi na biskuti, na kuna mama aliyeniambia sina huruma na wanyama.

Fundi wa kwato alipopita mwezi wa Machi alinifundisha kufupisha ncha ili ukwato ubinuke kwa wepesi, kisigino kibaki sawa, na kazi hiyo irudiwe kila wiki sita. Wiki za katikati nafanya mwenyewe, kidogo kidogo, kwa tupa ya Babu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi mgongo unaniuma siku mbili. Siku moja Babu akataka kuushika huo ukwato. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwekea mguu mapajani. Kaskazi akatulia kuliko anavyotulia kwangu. Babu akaupapasa kutoka juu, pale manyoya yanapoishia, kushuka.

"Hii miviringo ni ya nini?"

Ilikuwa Juni wakati huo, kusi imeshaingia. Ukwato unashuka kama kucha, karibu milimita 8 kwa mwezi, na ncha yake huchukua kama mwaka kufika chini. Mviringo wa Februari, wa embe, ulikuwa vidole viwili kutoka juu, mzito, umetanuka kuelekea kisigino. Lakini chini yake Babu alihesabu mwingine, na mwingine tena karibu na ardhi. Hiyo ilikuwa ya mwaka uliopita, ya kabla hajamsikia akichopea, ya wakati ambao ningeapa kwamba Kaskazi ni mzima. Alikuwa ameyaandika yote, na mimi nilikuwa nikiupiga brashi ukwato ule kila siku ung'ae kwa ajili ya picha.

Agosti akaja mnunuzi kutoka pwani ya mashariki. Anataka farasi mpole wa kupandisha watoto. Kaskazi alikuwa amepata nafuu, ukimtazama huwezi kujua. Mwenye farasi si mtu mbaya. Alikuwa ameniambia kwa upole kwamba farasi huyu anakula pesa ya farasi wawili na hafanyi kazi ya nusu. Asubuhi ile akaniambia: "Mwoneshe pale ufukweni, maji yakitoka."

Kutoka bandani kwenda ufukweni kuna njia mbili. Ya nyuma ni ya mchanga mtupu. Nilimchukua mnunuzi kwa njia ya mawe. Kaskazi akashuka polepole, akichagua pa kukanyaga kama mtu aliyevua viatu, na mbele ya baraza ya Babu kichwa kikapanda, kikashuka. Mnunuzi akasimama.

"Huyu anaumwa?"

"Anaumwa," nikasema. "Anaweza kukaa vizuri miaka, lakini kubeba watoto kila siku hawezi."

Akanishukuru, akapanda gari yake. Mwenye farasi hakunifukuza. Alisema tu, "Basi nusu ya chakula chake ni juu yako," na tangu mwezi ule inakatwa kwenye kamisheni yangu. Naona ni haki, ingawa mke wangu haoni hivyo.

Suala la kumlaza tumelizungumza, sisi watatu, na daktari wa nne. Sikutaka kulisikia, nikasikia. Tumekubaliana alama: akilala mchana kutwa asitake kuinuka, akiacha kuja kwenye ndoo, mfupa ukianza kuitokea nyayo, au byuti, ambayo sasa anaipata kwa kipimo na kwa simu, ikishindwa kumpa nafuu. Moja ikitokea, daktari anakuja, na hatusubiri msimu uishe. Nimeziandika nyuma ya daftari langu la mistari, lile ninaloandika kila asubuhi kabla sijamlisha. Babu akipita huniuliza limefika wapi, nami humsomea.

Leo: "Jumatano. Upepo wa kusi umepungua. Mbele kushoto, baridi. Mbele kulia, vuguvugu kidogo, nirudie adhuhuri. Mshipa: nimeutafuta sana, nimeupata kwa shida. Kwenye mawe hatua fupi, kichwa kimetulia. Amekula nyasi zote. Nimemkatalia ganda la embe la mtoto wa jirani, amenigeuzia mgongo."